Mtoto akitaka kusoma sanaa za maonyesho chuo kikuu hapa Uganda, someni haya kabla ya kumkatalia

MwalimuWaJukwaa (mwanzisha uzi)

Ndugu zangu, hamjambo. Kila matokeo ya S.6, mwaka wa mwisho wa sekondari, yanapotoka wazazi hunipigia simu, na swali lao ni lile lile: "Mwalimu, mtoto kang'ang'ania drama chuo kikuu, nimwachie?" Nimeona niandike mahali pamoja ili na wengine wasome. Mimi nimesoma kozi hiyo, nimeigiza, nimeongoza michezo, na sasa nafundisha sekondari upande wa Mbale na kuendesha kikundi cha vijana.

Jibu langu ni ndiyo, mwachie. Lakini kuna sharti ambalo chuo hakitamwekea, wewe mzazi ndiye umwekee: tangu mwaka wa kwanza aanze kujenga kikundi, na kikundi hicho kicheze kwa lugha ambayo muuza ndizi wa Wandegeya, pale Kampala, ataielewa. Wahitimu ninaowajua waliokwama, wengi wao walikuwa na alama nzuri tu. Walimaliza, kila mmoja akashika njia yake, wakiwa wamezoea kuigiza kwa Kiingereza mbele ya wahadhiri na wanafunzi wenzao. Mhasibu anaweza kuajiriwa peke yake. Mwigizaji asiye na wenzake hana pa kusimama, na Mganda anayekata tiketi hucheka na kulia kwa lugha ya nyumbani kwao.

Nianze na historia kidogo, maana nimesikia watu wakisema kozi hii imeletwa juzi na televisheni. Makerere ilianzisha idara ya muziki, ngoma na maigizo mwaka 1971. Wengi bado tunaiita MDD (Music, Dance and Drama), ingawa leo ni Idara ya Sanaa za Maonyesho na Filamu. Na hata kabla ya idara, wanafunzi walikuwa wanacheza. Novemba 1962, mwezi mmoja baada ya uhuru, wanafunzi wa Makerere walipanda jukwaa la National Theatre pale Kampala na tamthilia ya mwenzao, kijana kutoka Kenya aliyekuja kujulikana dunia nzima kama Ngũgĩ wa Thiong'o. Ukumbi wenyewe ulikuwa na miaka mitatu tu, umefunguliwa 1959.

Halafu ukaja msafara wa mwaka 1965. Wanafunzi na mhadhiri wao David Cook walitumia likizo kuzunguka nchi wakiigiza bila kiingilio, mashuleni, kwenye kumbi za miji midogo, hata uwanjani, na baadaye wakavuka hadi Kenya. Walicheza kwa Kiingereza, kwa Luganda na lugha nyingine za wenyeji, na kwa Kiswahili pia. Miongoni mwa wanafunzi wa misafara hiyo alikuwa Rose Mbowa, ambaye baadaye alirudi kuwa mwalimu na mkuu wa idara ile ile, na mwaka 1987 akatengeneza onyesho kubwa lililokusanya ngoma na nyimbo za makabila mbalimbali ya Uganda mara tu baada ya vita. Aliyaweza yale kwa sababu alikuwa ameigiza mbele ya watu ambao hawakuwahi kuona ukumbi. Hicho ndicho ninachotaka wanafunzi wa leo wakirudie.

Ulizeni, nitajibu.

AfandeMstaafu_Bombo

Mwalimu, nakuheshimu, na historia ni nzuri. Lakini mimi ni mzazi nina binti, na ng'ombe nilionao wanahesabika. Serikali imesema wazi inataka sayansi. Mkopo wa wanafunzi wanapewa watu wa sayansi. Mwalimu wa sayansi mwenye digrii analipwa milioni nne kwa mwezi, na mwaka 2022 tuliwaona walimu wa masomo ya sanaa wakigoma kwa sababu wao waliachwa nyuma. Rais mwenyewe amesema zaidi ya mara moja kwamba kozi nyingi za sanaa hazina faida. Sasa wewe unaniambia niuze ng'ombe mtoto akajifunze kuruka jukwaani?

Nakuuliza kwa nia njema. Nataka jibu la mzazi, usinipe la msanii.

MwalimuWaJukwaa

Afande, shikamoo. Hoja zako ni za kweli na sitazipunguza. Bodi ya mikopo iliyoanzishwa kwa sheria ya 2014 imeelemea sayansi, na pengo la mishahara lipo. Mzazi anayesoma uzi huu ajue mtoto wake hatabebwa na sera. Atalipiwa na nyumbani, au apate nafasi chache za udhamini wa serikali, au atafute mwenyewe.

Ila hilo la kuruka jukwaani naomba nilijibu kwa urefu, maana hapo ndipo wazazi wengi hawajaonyeshwa kinachofanyika mle ndani.

Mwaka wa kwanza mwanafunzi hufundishwa pumzi. Anasimama mwisho wa ukumbi, mwenzake yuko mwisho wa pili, na anatakiwa asikike bila kupiga kelele na bila kipaza sauti. Inachukua miezi. Anajifunza kutumia mgongo, miguu, macho. Anasoma Wagiriki, Shakespeare, Brecht, na mbinu za Stanislavski za kumjenga mhusika kutoka ndani. Anasoma na wa kwetu: Robert Serumaga aliyefanya mwili na ngoma vibebe mchezo badala ya maneno, John Ruganda aliyeandika tamthilia zinazosomwa mpaka leo Afrika Mashariki yote, Wycliffe Kiyingi aliyeandika kwa Luganda wakati wasomi wengi waliandika kwa Kiingereza. Halafu uandishi, uongozaji, taa, maleba, mandhari ya jukwaa, kuigiza kwa redio, kamera.

Na kuna somo ambalo halina jina kwenye ratiba lakini ndilo hasa linalomkomaza. Kila kundi la wanafunzi hupewa jukumu la kutoa onyesho kamili. Watu ishirini, bajeti ndogo, tarehe isiyosogezwa. Mmoja anaumwa, mwingine kagombana na mwongozaji, umeme unakatika siku ya mazoezi ya mwisho, na saa moja jioni pazia lazima lifunguke. Binti wa miaka ishirini na mbili aliyekwisha kusimamia jambo hilo mara kadhaa, mpe ofisi yoyote aiendeshe. Nimewaona wanaofanya kazi benki na kwenye mashirika, na wakubwa wao wanashangaa wamejifunza wapi kuzungumza na watu wenye hasira.

Kingine, Afande, na hili nalisema kwa uchungu. Wewe ni mwanajeshi, unaifahamu miaka ile. Byron Kawadwa alikuwa mkurugenzi wa National Theatre. Mwaka 1977 alitoka Lagos, alikokwenda na kundi lake kuiwakilisha Uganda kwenye tamasha la FESTAC, na mchezo wake ulikuwa wa jogoo na utawala. Watu wa usalama wa Amin wakamchukua, akauawa. Serikali ile ilimwogopa mtu wa jukwaani kuliko ilivyowaogopa wengi wenye bunduki. Kazi ambayo mtu aliuawa kwa ajili yake, tusiwaambie watoto kwamba ni kuruka.

MamaZuhura_Busia

Mwalimu asante kwa maelezo. Mimi hofu yangu ni nyingine. Mtoto wangu ni msichana, na tunasikia mazoezi yanaenda mpaka usiku, na waongozaji wengine wanawataka wasichana mambo mengine ndipo wawape nafasi kubwa. Sisi ni Waislamu, baba yake hataki hata kusikia. Hili mbona watu wa sanaa hamlisemi?

MwalimuWaJukwaa

Mama Zuhura, umefanya vizuri kulisema. Lipo. Nimeliona kwenye vikundi vya mjini nilivyopitia, na wasichana wenye kipaji kikubwa wameacha sanaa kwa sababu hiyo hiyo.

Kwenye kikundi changu tumeweka kanuni, na namshauri kila mzazi aulize kama kikundi cha mtoto wake kinazo. Nafasi hugawiwa mbele ya wote baada ya usomaji wa pamoja, hakuna kuitwa chumbani. Mazoezi yanaisha kabla ya giza, na yakilazimika kuchelewa, nauli ya boda ya wasichana imo kwenye bajeti kabla ya nauli ya mtu mwingine yeyote. Mzazi ana haki ya kuja mazoezini bila taarifa na kukaa nyuma. Mwongozaji anayekataa mzazi asikae, mtoe mtoto siku hiyo hiyo.

Kuhusu mavazi, mwanafunzi anaweza kumwambia mwongozaji mipaka yake. Nimeongoza mabinti wenye hijabu na mchezo haukupungua chochote. Maleba hutengenezwa kwa mwigizaji aliyepo. Mwambie baba yake Zuhura aje aone onyesho moja la wanafunzi, akae na wazazi wengine. Wazazi wengi wanaokataa hawajawahi kukaa kwenye kiti cha ukumbi hata siku moja.

Sinia6_Arua

Shikamooni wakubwa. Mimi ndiye mtoto mwenyewe, si wa hapa juu lakini nafanana naye 😊 Nimemaliza S.6, nina principal mbili (yaani masomo makuu mawili niliyofaulu), Literature na Divinity. Shuleni nilikuwa kwenye timu yetu ya MDD, tulifika ngazi ya mkoa. Je, naingia? Na shangazi yangu ana miaka thelathini, hakumaliza S.6 lakini anaandika maigizo ya kanisani mazuri sana, naye ana njia?

MwalimuWaJukwaa

Marahaba mwanangu. Principal mbili za kikao kimoja ndicho kiwango cha kuombea digrii vyuo vikuu vyetu, kwa hiyo mlango uko wazi. Literature itakusaidia kwenye uzito wa alama na darasani pia. Makerere tafuta digrii ya maigizo na filamu, muda ni miaka mitatu. Angalia na Kyambogo, hasa kama unafikiria ualimu.

Shangazi yako ana njia mbili. Ya kwanza ni mtihani wa kuingia kwa umri, unaoruhusu mwenye miaka 25 na kuendelea kufanya mtihani maalumu wa chuo bila kutegemea matokeo ya S.6. Ya pili ni kuanza na cheti au diploma kisha apande. Mwambie asiogope umri. Mwandishi aliyekwisha kuishi kidogo huandika watu, mwenye miaka kumi na tisa huandika maneno.

Na wewe, una miezi mingi ya vakeshoni mbele yako. Usikae nyumbani. Nenda popote palipo na kikundi, hata cha kanisa au msikiti, ukaombe kubeba viti na kushika taa. Ukimaliza miezi hiyo bado unaipenda kazi, omba nafasi kwa moyo mmoja.

Bahati_wa_Nakivale

Mimi ni Mkongo, niko Nakivale, na nina jambo la kuongeza. Mwalimu amesema juu ya lugha. Hapa kambini kwetu wakimbizi, na kambi za Kyangwali, na Rwamwanja, na Kyaka II, watu wengi tunaongea Kiswahili, Kiswahili chetu cha Congo. Tuna kikundi, tunacheza chini ya mti. Mashirika yanakuja na vijana waliosoma chuoni Kampala wanatuletea mchezo wa kunawa mikono kwa Kiingereza, mtu anatafsiri pembeni. Watoto wanacheka mtafsiri. Kisha wanapiga picha, wanaondoka.

Sisi hatujasoma. Lakini tukicheza habari ya shamba, au ya mume anayeuza unga wa posho wa watoto, watu wanasimama wanapiga kelele wanataka kuingia ndani ya mchezo. Je, chuoni wanafundisha jambo kama hilo, au ni sisi tu?

MwalimuWaJukwaa

Bahati, ndugu yangu, wanafundisha, na mnachofanya chini ya mti wenu kina jina kubwa vitabuni: Forum Theatre. Mbrazili Augusto Boal ndiye aliyekieneza duniani. Nitaeleza taratibu kwa wasiojua, maana kwangu hili ndilo somo bora kuliko yote katika kozi nzima.

Wanafunzi hawaji na ujumbe. Wanakuja na masikio. Wanakaa siku kadhaa kijijini wakisikiliza kwenye kisima, sokoni, kwa viongozi wa LC1 (baraza la kijiji), kwa wanawake wa vikundi vya akiba. Wanapata kisa kinachowauma watu, tuseme mjane anayefukuzwa kwenye kibanja na shemeji zake. Wanatengeneza mchezo mfupi unaoishia pabaya: mjane anaondoka na watoto. Wanaucheza mara ya kwanza mpaka mwisho. Wanaucheza mara ya pili, na safari hii mwendesha mchezo anatangaza kwamba yeyote akiona mahali ambapo mjane angeweza kufanya tofauti, apige makofi, mchezo usimame, aje ashike nafasi yake.

Hapo ndipo kazi inapoanza. Anakuja mama mmoja, anakaa mahali pa mjane, anamtaja mwenyekiti wa LC. Waigizaji wanaocheza mashemeji hawamwachii ashinde kirahisi, wanambana kama mashemeji wa kweli wanavyobana. Anakuja mzee, anajaribu kwa njia ya ukoo. Anakuja kijana anataka kupiga watu. Kila njia inajaribiwa mbele ya kijiji kizima, na mwenyekiti mwenyewe ameketi pale anasikia. Nimeona mashemeji halisi wakiwa miongoni mwa watazamaji, wametazama chini.

Mwanafunzi anayeweza kuendesha kitu hicho amehitimu, hata kama hajapewa kofia. Anahitaji kujua kuigiza papo kwa papo bila maandishi, kusoma hadhira, kuzuia ugomvi usizuke, na zaidi ya yote lugha. Hawezi kuyafanya hayo kwa mtafsiri. Watoto wa Nakivale walikuwa sahihi kumcheka yule wa pembeni.

Michezo ile ya kunawa mikono nimeikataa tangu zamani. Shirika linaleta sentensi kumi linazotaka zisemwe, waigizaji wanazisema, watu wanapewa soda. Linganisheni na ilivyokuwa wakati wa ukimwi. TASO, shirika la kuwasaidia wenye ukimwi, ilipoanzishwa mwaka 1987, na baadaye vikundi vyake vya maigizo vikaanza kuzunguka, waliopanda jukwaani walikuwa watu wanaoishi na virusi wenyewe, wakiimba na kuigiza maisha yao mbele ya majirani waliokuwa wakiwakwepa. Kule kusimama kwao kulikuwa na nguvu kuliko bango lolote. Wanafunzi wa sanaa wanapaswa kuisoma miaka ile kwa makini.

Bahati, nitumie ujumbe faragha. Nina wanafunzi wangu wa zamani walioko chuoni wanaotafuta mahali pa kufanyia mafunzo kwa vitendo. Waje wakae kwenu, wajifunze kwenu, na ninyi mjifunze kwao mambo ya maandishi na taa.

Mtanga_wa_Pwani

Naungana nanyi kutoka Tanzania. Huku hoja ya lugha ilimalizika zamani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefundisha sanaa za maonyesho tangu miaka ya sitini, na akina Ebrahim Hussein na Penina Muhando waliandika tamthilia kwa Kiswahili wakiwa hapo hapo. Ya Hussein kuhusu Maji Maji ilitoka 1969 na hadi leo inachezwa. Bagamoyo nako kuna chuo cha sanaa tangu 1981, sasa kinaitwa TaSUBa, na anayetaka ngoma, sarakasi na uigizaji kwa vitendo zaidi kuliko nadharia anakwenda pale.

Nyinyi Waganda mnao Mwalimu Nyerere upande wenu pia. Alisoma Makerere miaka ya arobaini, na alipokuwa rais alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili. Kikundi cha wanafunzi kikianza na maandishi hayo, hakihitaji kuomba ruhusa kwa mtu kwamba Kiswahili kinaweza kubeba jukwaa.

AfandeMstaafu_Bombo

Hilo la Kiswahili naomba niseme. Mimi Kiswahili nilikipata kambini. Hapa Uganda watu wa Kampala waliposikia Kiswahili walijua askari amefika, na hawakufurahi. Amin alikitangaza lugha ya taifa 1973, watu wakakichukia zaidi. Katiba ilikipa nafasi ya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na 2022 baraza la mawaziri likataka kifundishwe kwa lazima mashuleni. Maamuzi ni mengi. Watu bado wanakiogopa.

MwalimuWaJukwaa

Afande, umesema jambo ambalo ningetaka kila mwanafunzi wa sanaa alikate alibandike ukutani. Lugha ambayo watu waliisikia kwenye vizuizi vya barabarani haitapendwa kwa tangazo la serikali. Itapendwa siku mtoto wa Masaka atakapomsikia mama jukwaani akimbembeleza mwanawe kwa Kiswahili, au wapenzi wakigombana na kupatana kwa Kiswahili. Hiyo ni kazi ya jukwaa, hakuna idara ya serikali itakayoifanya.

Na kuna riziki ndani yake. Mtaala mpya wa sekondari ulioanza 2020 una Kiswahili, na una Performing Arts kama somo. Shule zinahitaji michezo ya Kiswahili mifupi, yenye Kiswahili chepesi, inayozungumzia maisha ya Uganda. Iko michache mno. Mimi naandika yangu mwenyewe kila muhula kwa sababu sipati ya kununua. Mhitimu anayejua kuandika tamthilia na anayejua Kiswahili ana uwanja mzima mbele yake. Ajue tu kwamba kufundisha kunahitaji sifa ya ualimu, kwa hiyo ama asome digrii ya elimu tangu mwanzo, ama baada ya digrii ya sanaa aongeze diploma ya uzamili ya elimu.

DadaKisenyi

Mimi niko mjini nawaambia soko linavyokwenda. Kumbi za miaka ya tisini wazazi wetu walizokuwa wanajaza Jumapili, zile za vikundi vya maigizo kama Bakayimbira na Ebonies, nyingine zimekuwa makanisa. Vijana wanakwenda komedi. Filamu za nje zinatafsiriwa kwa Luganda na akina VJ, mtu anakaa kibandani anasikia sauti ya VJ kuliko ya mwigizaji mwenyewe. Nani atakuja kuangalia mchezo wa saa mbili?

MwalimuWaJukwaa

Dada, kweli. Na kumbi zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, zikafunguliwa Januari 2022. Vikundi vingi havikurudi.

Lakini tazama uliyoyataja mwenyewe. VJ ni mtu mmoja anayecheza sauti zote, anaongeza utani wake, anajua lini anyamaze. Hadhira inamfuata yeye. Huo ni uigizaji, na umezaliwa hapa hapa. Kule Wakaliga, mtaa wa Kampala, mwongozaji Nabwana na wenzake walitengeneza filamu za mapigano kwa pesa kidogo kabisa, na VJ ndani yake, na dunia ikazitazama. Komedi nayo ilikomaa ndani ya vikundi vya tamthilia. Anne Kansiime, ambaye digrii yake ni ya sayansi ya jamii, alipitia kikundi cha Theatre Factory kabla ya kujulikana. Kwa hiyo watu hawajaacha kutazama waigizaji. Wamehama mahali, na chuo kiwafuate. Ningependa kuona mwanafunzi akiandika tasnifu yake juu ya mbinu za VJ kwa uzito ule ule anaompa Brecht.

Tamthilia ndefu nayo bado ina watu wake. Kampala imekuwa na tamasha la kimataifa la tamthilia tangu 2014, na waandishi waliopitia MDD, kama Deborah Asiimwe na Judith Adong, kazi zao zimechezwa nje ya nchi. Kikundi cha ngoma cha Ndere kule Ntinda, Kampala, kinajaza watu kwa ngoma na hadithi kila wiki. Tiketi zinanunuliwa pale ambapo kundi limekaa pamoja miaka mingi na watu wanalijua kwa jina.

Mambo ya fedha nayasema kwa haraka maana mengi mnayajua: msikubali kazi ya shirika au televisheni bila mkataba wa maandishi; andikisheni maandishi yenu URSB (ofisi ya serikali ya usajili), sheria ya hakimiliki ipo tangu 2006; kikundi kiwe na akaunti ya benki yenye watia saini watatu. Vikundi vingi nilivyoona vikifa viliuawa na mgao wa pesa, watazamaji walikuwa bado wapo.

AfandeMstaafu_Bombo

Mwalimu, nimesoma yote. Ng'ombe bado siuzi kwa kozi ya filamu. Lakini akikubali ile ya elimu, afundishe Kiswahili pamoja na hiyo Performing Arts, na jukwaa alifanye humo humo, nitakaa naye tuzungumze. Nitamwonyesha uzi huu.

MwalimuWaJukwaa

Hayo ni mazungumzo mazuri, Afande. Naomba jambo moja tu: siku mkikaa, muulize kwanza ni mchezo gani aliowahi kuucheza shuleni na alikuwa nani ndani yake. Msikilize mpaka amalize, kisha mzungumze ada.

Sinia6_Arua

Mwalimu, la mwisho. Nikiitwa kujaribiwa, nitayarishe nini? Nina hotuba ya Kiingereza tuliyofundishwa shuleni, lakini naiona kavu.

MwalimuWaJukwaa

Tayarisha vipande viwili. Kimoja hicho cha Kiingereza, kwa sababu masomo yataendeshwa kwa Kiingereza na watataka kusikia kama unakimudu. Kikate, dakika mbili zinatosha. Cha pili kiwe cha Kilugbara au Kiswahili, hadithi ya bibi yako au ugomvi uliouona sokoni Arua, ucheze watu wote wawili wewe mwenyewe. Usijifunze kwa kioo. Simama nje, mtu akae mbali nawe kadiri ya upana wa uwanja wa mpira wa wavu, na kama hasikii neno la mwisho la kila sentensi, rudia. Wengi wetu humeza neno la mwisho. Wimbo mmoja wa kwenu uwe tayari pia, wakikuomba.

Rekodi hicho cha pili kwa simu ukitume kwenye uzi huu. Nitakisikiliza na kukuandikia maoni yangu hapa hapa, na wengine waongeze yao.